Pua ya Simba na Mnada wa Kitalu

Katika michezo ya mikakati inayochezwa mtandaoni, ile ya kujenga kijiji, kukusanya mali na kushindana na majirani, pori la mawindo ni mali kama ilivyo shamba au mgodi. Katika Age of Empires II, kulungu wachache wanaozunguka kijiji hawazaliani. Ukishawamaliza, wanakijiji hushika jembe, na mzoga ukiuacha huoza, chakula kikapotea. Mchezaji hodari basi huwinda haraka na kumaliza, na hesabu yake ni sahihi, kwa kuwa mechi itakwisha leo hii na kanuni haimlipi chochote kwa kusubiri. Pale ambapo wanyama hurudi taratibu na mchezo unaendelea kwa miezi, kama ilivyo katika Travian, mchezaji huyohuyo huwa na sababu ya kurudi pori lilelile. Tabia yake inatokana na muda aliopewa.

Nje ya mchezo, Tanzania ina vitalu vya uwindaji wa kitalii, yaani maeneo ya pori yanayokodishwa kwa makampuni ya uwindaji, na siku hizi navyo hugombewa mtandaoni. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO, kisha makampuni binafsi yakaingia. Kwa miaka mingi vitalu viligawiwa na serikali kwa maombi, utaratibu ulioleta manung'uniko mengi, hadi Oktoba 2017 Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, alipotangaza kwamba vitanadiwa. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ikaanza kuendesha mnada wa kielektroniki. Mnada una faida ya kweli: bei inaonekana na mlango wa nyuma unabanwa. Lakini bei peke yake hailindi mnyama hata mmoja. Aliyelipa ghali kwa muda mfupi ana haraka ya kurudisha fedha zake, na zipo porini, zina miguu minne.

Mkulima wa Isansa, kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, hahitaji kwenda porini kulielewa hilo, maana yuko katika nchi ya kahawa. Mwenye shamba hupogolea, huondoa machipukizi, huchuma buni nyekundu moja moja na kuiacha ya kijani iive, kwa sababu mche mpya utamchukua kama miaka 3 kabla haujamlipa. Aliyekodi shamba hilo kwa msimu mmoja hukwanyua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja. Ndivyo ilivyoonekana katika Pori la Akiba la Selous. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha vitalu vya huko na kukuta kwamba simba waliwindwa kwa kasi zaidi, na idadi ya waliopatikana kushuka zaidi baadaye, katika vitalu vilivyokuwa vikibadilisha mikono. Vilivyokaa na mmiliki mmoja kwa muda mrefu vilikuwa na nafuu. Mtu anaweza kusema kwamba huenda vitalu hivyo vilikuwa vizuri tangu mwanzo, ndiyo maana mwenyewe hakuviachia. Hoja hiyo ina uzito, nami siamini kwamba muda mrefu bila ukaguzi unatosha. Mlafi akipewa miaka 15 atakula miaka 15. Muda humpa mtu sababu ya kutunza, na kanuni ndiyo humzuia asiyetaka.

Kanuni nzuri kuliko zote nizijuazo ilitoka katika kompyuta, katika kitu kinachokaribiana sana na mchezo. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha mfano wa hesabu uliojengwa juu ya kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti na Ngorongoro. Waliwinda simba wa kwenye kompyuta, miaka kwa miaka, kwa umri tofauti. Dume akiuawa kijana, dume mgeni huingia na kuua watoto aliowakuta ili majike wamzalie yeye. Risasi moja hupoteza kizazi. Dume wa miaka 6 na kuendelea amekwisha kulea. Ukiwinda hao tu, kundi haliporomoki. Na umri unasomeka puani: pua ya simba kijana ni ya waridi, madoa meusi huongezeka kila mwaka, na afikapo miaka 5 hivi nusu yake imekuwa nyeusi. Tanzania ikauingiza umri wa miaka 6 katika kanuni zake.

Wako watakaouliza kwa nini tusipige marufuku kabisa, kama Kenya ilivyofanya mwaka 1977. Hoja yao inatoka moyoni na inastahili heshima. Hata hivyo, wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, huku mifugo, mashamba na uzio vikiongezeka. Marufuku haikuleta hayo, lakini haikuyazuia pia, kwa kuwa haikumgusa anayeamua kama ardhi itabaki pori.

Huyo ndiye anayekosekana katika mchezo wa mtandaoni. Huko hakuna mkulima anayepakana na pori, ambaye mahindi yake huliwa usiku. Kaskazini mwa Isansa, kuelekea bonde la Ziwa Rukwa na mapori ya Rukwa na Lukwati, watu wa namna hiyo wapo. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua njia ya vijiji kutenga ardhi na kuingia mkataba na mwekezaji kupitia Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori. Kampuni itamaliza mkataba wake na kuondoka. Mwanakijiji hana pa kuondokea, hivyo muda wake ndio mrefu kuliko wa wote. Basi mgao wa kitalu na ubandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji kabla msimu haujafunguliwa mwezi Julai, kwa Kiswahili: wanyama wangapi wameruhusiwa, wangapi waliuawa mwaka uliopita, na shilingi ngapi zimefika.