Namba ya Kwanza ya Moyo Si Hukumu

Katika familia nyingi, mgonjwa aliyeponea shambulio la moyo hurudi nyumbani na karatasi yenye namba moja ya kutisha: 30 au 35 kwa mia. Wanaoisoma husema moyo umebaki theluthi. Kuanzia siku hiyo baba huyo hawekwi tena kwenye mipango ya nyumba, hukalishwa kitini na kukatazwa hata kufika barabarani. Usomaji huo una kosa, na kosa hilo linaua.

Namba hiyo huonyesha sehemu ya damu inayosukumwa nje na chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kila unapopiga. Hakuna moyo unaotoa mia kwa mia. Ulio mzima hutoa kama 55 hadi 70. Kwa hiyo 35 ni udhaifu wa kweli, lakini kabla ya kuogopa, tazama kwanza tarehe ya kipimo.

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, misuli iliyokosa damu kwa muda mrefu hufa na kugeuka kovu. Hiyo hairudi. Pembeni yake hubaki misuli iliyo hai ila imepigwa bumbuazi: damu imeshaifikia tena, lakini bado haijikunji. Eugene Braunwald na Robert Kloner waliieleza hali hiyo mwaka 1982. Ekografia ya moyo ikifanywa wiki ya kwanza, daktari anaweza kuona upande mmoja wa ukuta wa moyo unajikunja na mwingine umetulia tuli. Ikirudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, huenda ule uliotulia nao unasogea. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa inawataka madaktari wasubiri angalau siku 40 baada ya shambulio kabla ya kuamua kumpandikizia mgonjwa kifaa cha kushtua moyo kwa kinga. Ikiwa wataalamu wenyewe hawaamui kwa namba ya kwanza, sisi tunamzikaje mtu angali hai?

Misuli mingapi itaokoka, hilo huamuliwa na saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na faida yake kubwa iko katika saa mbili tatu za mwanzo. Na hospitali kubwa mara nyingi iko mbali: kwetu Kongo, kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 300, kupitia Fungurume na Likasi, katika barabara ileile ya malori ya shaba na kobalti. Anayeamka usiku kifua kinambana, jasho jembamba likimtoka, akasema "ni gastrite tu" na kungoja kuche, anapoteza misuli ambayo hakuna dawa itakayoirudisha.

Hata anayewahi hospitali anaweza kukosa huduma. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, uliwakuta wagonjwa 152 wenye shambulio la moyo katika chumba cha dharura. Ni 35 tu waliopewa aspirini pale, na hakuna hata mmoja aliyezibuliwa mshipa. Kati ya 150 waliofuatiliwa, 65 walikuwa wamekufa ndani ya siku 30. Aspirini ni kidonge cha bei ya chini kabisa! Jaribio kubwa la mwaka 1988 lilionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa hawa kwa karibu robo.

Kolwezi ina jeraha lake pia. Zamani Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilimtibu mfanyakazi, mkewe na watoto wake. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wakapoteza matibabu hayo pamoja na mshahara. Wengi wao leo ni wazee, wamo katika umri wa ugonjwa huu, na dawa wanajinunulia. Haishangazi kwamba mtu akijisikia nafuu huacha vidonge ili hela iende kwenye unga wa bukari.

Lakini vidonge hivyo ndivyo vinavyouzuia moyo uliojeruhiwa usitanuke na kulegea. Mwaka 1992, utafiti wa wagonjwa 2,231 wenye moyo dhaifu baada ya shambulio ulionyesha kwamba kaptoprili ilipunguza vifo kwa asilimia 19. Ni dawa ya zamani, haina bei ya kutisha. Kama fedha hazitoshi, mwambie daktari waziwazi achague zile za lazima, usichague mwenyewe.

Daktari akikuruhusu, tembea kwenye tambarare dakika tano au kumi, uongeze kidogo kidogo, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza. Kaa mbali na vumbi la malori na la mabaki ya madini ya Kingamyambo. Kubeba magunia ya mawe kungoje kwanza. Sigara na pombe kali ya lutuku viachwe, samaki wa chumvi wa makayabo wapungue, maana chumvi huvuta maji mwilini. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu ikavimba, au ukashindwa kulala bila mito mingi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe unayemuuguza: usitoke hospitali bila namba ya moyo iliyoandikwa, majina ya dawa zote, na tarehe ya ekografia ya pili. Tarehe hiyo ikifika, mpeleke, hata kama anasema amepona.