Taasisi Zenye Tarehe ya Kufa

Mwishoni mwa Mei 2017 Bunge la jimbo la Texas lilimaliza kikao chake mjini Austin na kuacha kiporo kizito. Muswada mmoja haukupitishwa, na kwa sababu hiyo Bodi ya Madaktari ya Texas, chombo kinachotoa leseni kwa madaktari wote wa jimbo hilo na kuwaadhibu wanaokiuka maadili, ilikuwa njiani kufutwa. Hakuna mbunge aliyepiga kura ya kuifuta. Kilichotokea ni kwamba tarehe iliyoandikwa ndani ya sheria yake ilikuwa imekaribia, na huko Texas taasisi isiyoongezewa muda na Bunge hufa yenyewe. Zilizokuwa hatarini pamoja nayo ni bodi nne za wanasaikolojia, washauri nasaha, wataalamu wa ndoa na familia, na maofisa ustawi wa jamii.

Gavana Greg Abbott ikambidi awaite wabunge warudi Austin kwa kikao maalumu kilichoanza Julai 18. Bodi zikaokolewa.

Kisa hicho kinaonyesha, kwa nguvu na kwa udhaifu wake, mojawapo ya majaribio ya muda mrefu zaidi ya kuifanya serikali ya jimbo iwe na tija na iwajibike kwa wananchi. Kwa kawaida ofisi ya serikali ikishaanzishwa, kuiondoa ni shughuli. Ina fungu kwenye bajeti, ina watumishi, ina wadau waliozoea kunufaika nayo, na anayetaka kuifuta lazima ajitokeze abebe lawama. Waliobuni utaratibu wa Texas waliuhamisha mzigo huo. Anayetaka taasisi iendelee kuwapo ndiye anayetakiwa kusimama, kueleza inafanya nini na kutafuta kura za kutosha.

Wazo hilo halikuzaliwa Texas. Colorado ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya aina hii, mwaka 1976, baada ya kushinikizwa na asasi ya kiraia ya Common Cause. Marekani ilikuwa bado ina majeraha ya kashfa ya Watergate, imani kwa watawala ilikuwa imeshuka, na wazo likaenea kwa kasi: katika miaka michache tu majimbo zaidi ya 30 yalikuwa na sheria za namna hiyo, ambazo huko huitwa sheria za machweo. Kisha shauku ikapoa. Majimbo mengi yalianza kwa kukagua vibodi vidogo vya leseni, vikala muda mwingi wa wabunge na kuokoa fedha kidogo. Baadhi yalifuta sheria zao, mengine yaliziacha vitabuni bila kuzitumia. Texas, iliyotunga yake mwaka 1977, iliendelea, na sababu kubwa ni kwamba iliweka watu wa kuifanya kazi hiyo kila siku.

Watu hao wako chini ya Tume ya Machweo yenye wajumbe 12: maseneta watano, wawakilishi watano na raia wawili wasio wabunge. Makamu wa Gavana, ambaye ndiye anayeiongoza Seneti, huteua nusu yao, na Spika wa Baraza la Wawakilishi huteua nusu nyingine. Lakini uti wa mgongo wa tume ni timu ndogo ya wachambuzi walioajiriwa kwa kudumu. Taasisi kama 130 ziko chini ya sheria hiyo, na kila moja kwa kawaida hukaguliwa mara moja katika miaka 12.

Kazi huanza muda mrefu kabla wabunge hawajaketi. Taasisi huandika taarifa ya kujitathmini. Wachambuzi huichukua na kuipima kwa miezi kadhaa: wanakaa na watumishi, wanasoma mafaili, wanahudhuria vikao vya bodi, wanawauliza wanaohudumiwa na wanaodhibitiwa. Kisha hutoa ripoti ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, ikifuatiwa na kikao cha hadhara ambapo mwananchi wa kawaida hupewa nafasi ya kuzungumza mbele ya wajumbe. Tume hupiga kura juu ya kila pendekezo, na yale yanayohitaji kubadili sheria huingizwa kwenye muswada. Bunge la Texas hukutana kikao cha kawaida mara moja tu katika miaka miwili, kwa siku 140, kwa hiyo muda wa kupitisha miswada hiyo ni mfupi. Taasisi isiyopitishwa hupewa mwaka mmoja wa kufunga virago.

Maswali yenyewe yameandikwa kwenye sheria, na hapo ndipo penye utajiri wa utaratibu huu. Je, taasisi ina tija, na je, inafikia lengo lililoifanya ianzishwe? Kuna njia nyepesi zaidi ya kulinda wananchi kuliko hii inayotumika? Kazi yake inagongana na ya taasisi nyingine? Inashughulikia malalamiko haraka kiasi gani? Inafuata sheria za mikutano ya wazi na za haki ya kupata taarifa? Na ikifutwa leo, nini kitaharibika?

Swali la malalamiko ni dogo kwa kulitazama, lakini ndilo linalomgusa mwananchi. Mtu aliyedhulumiwa na fundi mwenye leseni, au aliyeumizwa na matibabu mabaya, anaandika barua kwa bodi husika. Je, barua hiyo imesajiliwa? Mlalamikaji ameambiwa imefikia wapi? Wachambuzi wa Machweo hulifuatilia jambo hili taasisi baada ya taasisi, na kuna masharti ambayo tume huyapendekeza karibu kila mahali: kumbukumbu za malalamiko zitunzwe, wajumbe wapya wa bodi wapewe mafunzo kabla ya kupiga kura, na viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wasikalie viti vya bodi inayodhibiti biashara yao wenyewe. Tangu 1977 taasisi zaidi ya 80 zimefutwa au kuunganishwa na nyingine, na hesabu hiyo ndiyo wanasiasa hupenda kuitaja. Lakini faida kubwa zaidi imo katika masharti haya yasiyo na kishindo, kwa sababu yanabaki yakifanya kazi ndani ya taasisi zilizopona.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tofauti haiko mbali. Nchini Kenya, jopo la mwaka 2013 lilikuta mashirika ya serikali 262 na kupendekeza yapunguzwe hadi 187. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likarudi kwenye meza ileile, likaamua mashirika 42 yaunganishwe kuwa 20 na mengine 25 yafutwe. Tanzania nayo ilitangaza Desemba 2023 kuunganisha baadhi ya taasisi zake za umma na kufuta nyingine. Hatua hizi zinastahili kuungwa mkono, ila zote hutegemea serikali iliyoko madarakani iamue kuanza. Orodha ikicheleweshwa, mashirika yanaendelea kuwapo kama kawaida. Texas ikichelewa, mashirika yanakufa.

Hata hivyo, tarehe ya kufa inaweza kugeuzwa silaha, na hicho ndicho kilichotokea 2017. Makamu wa Gavana Dan Patrick alikuwa na miswada miwili aliyoitaka kwa udi na uvumba, mmoja kuhusu kodi za majengo na mwingine kuhusu vyoo ambavyo watu waliobadili jinsia wangeruhusiwa kutumia. Baraza la Wawakilishi chini ya Spika Joe Straus halikuwa tayari kumpa. Muswada wa kuziongezea bodi muda ukawa karata, kwa kuwa bila huo gavana angelazimika kuitisha kikao maalumu, na ndani ya kikao hicho ajenda nyingine zingepata nafasi ya pili. Ule wa vyoo ulikwama tena mwezi Agosti. Lakini kwa wiki kadhaa mfumo wa leseni za madaktari wa jimbo zima ulikuwa rehani kwa ugomvi usiohusiana nao hata chembe.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Wachambuzi wanaweza kusema kweli, na Bunge likaziba masikio. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tume ya Reli ya Texas. Iliundwa mwaka 1891 kudhibiti nauli na mizigo ya treni, baadaye ikapewa mafuta na gesi, ikawa na nguvu kiasi kwamba waasisi wa OPEC waliitazama kama kigezo cha kupanga kiasi cha mafuta kinachochimbwa. Mwaka 2005 mamlaka yake ya mwisho juu ya reli yalihamishiwa idara ya uchukuzi. Jina halikubadilika. Kati ya 2010 na 2017 ilipitishwa kwenye ukaguzi wa Machweo mara tatu, na mara zote tatu wachambuzi walipendekeza ipewe jina linaloeleza kazi yake. Kila mara Bunge lilikataa. Makamishna wake watatu huchaguliwa kwa kura za wananchi wa jimbo zima, na fedha za kampeni hupokewa kutoka kwa sekta ileile wanayoidhibiti. Mpiga kura anayedhani anachagua msimamizi wa treni atamwajibisha vipi mtu anayesimamia visima vya gesi?

Jibu lilikuja kwa gharama kubwa mwezi Februari 2021. Baridi kali iliikumba Texas, mitambo ikaganda, na zaidi ya nyumba milioni 4.5 zikakosa umeme. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Baadhi ya vituo vya gesi vilikatiwa umeme kwa sababu havikuwa vimesajiliwa kama miundombinu muhimu, na gesi ilipopungua mitambo ya umeme nayo ikazidi kuzima. Gesi ilikuwa chini ya Tume ya Reli. Umeme ulikuwa chini ya Tume ya Huduma za Umma. Makamishna wote watatu wa tume hiyo ya pili waliondoka madarakani ndani ya wiki chache. Wa Tume ya Reli walibaki.

Tume ya Huduma za Umma ilipofikiwa na zamu yake ya ukaguzi mwaka 2022, wachambuzi wa Machweo walitoa hukumu ambayo wengi hawakuitarajia kutoka kwa chombo kinachosifika kwa kupunguza serikali. Walisema tume hiyo ilikuwa na watumishi na utaalamu mdogo mno kulinganisha na majukumu iliyobebeshwa, na wakashauri iongezewe rasilimali. Kwa miaka mingi ofisi ndogo ilihesabiwa kuwa ofisi yenye tija. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba msimamizi wa gridi ya umeme anahitaji wahandisi na wachambuzi wa kutosha. Bunge lilipitisha muswada wa kuiongezea muda mwaka 2023, pamoja na sehemu ya mageuzi hayo.

Tume ya Reli iliongezewa miaka 12 mwaka 2017, na zamu yake itafika tena 2029. Wachambuzi wataanza kazi kabla ya hapo, na kikao cha hadhara kitafanyika Austin kama kawaida, milango wazi, kipaza sauti kikiwa mbele ya mwananchi yeyote atakayejiandikisha kuzungumza. Waliopoteza ndugu katika baridi ya 2021 watakuwa na haki ya kukaa kwenye viti vile na kuuliza kwa nini, baada ya ripoti tatu, jina lile bado liko mlangoni.