Mwaka 64: Roma Yateketea, Wakristu Wasingiziwa

Mwaka 64 wa Bwana wetu ulikuwa na mambo mengi. Huko Yudea aliwasili liwali mpya, Gessius Florus, ambaye ukali wake ulisaidia kuwasha vita ya Wayahudi miaka miwili baadaye. Katika karne hiyo hiyo mabaharia kutoka Misri walifika hata Rhapta, soko la pwani ya Afrika ya Mashariki, kununua pembe za ndovu. Lakini jambo kubwa la mwaka huo lilitokea Roma.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai, moto ulianza katika maduka yaliyo karibu na uwanja wa mashindano ya farasi. Upepo ukauchochea katika njia nyembamba. Ukawaka siku sita, ukatulia, kisha ukawaka tena. Katika mitaa 14 ya mji, ni minne tu iliyopona.

Kaisari Nero, kijana wa miaka 26, hakuwapo mjini. Aliporudi aliwafungulia maskini bustani zake, akapunguza bei ya nafaka. Lakini watu wakanong'ona kwamba ndiye aliyeamuru mji uchomwe. Ili kuuzima uvumi huo, Nero akatafuta wa kubebeshwa lawama, akawachagua Wakristu, watu wasio na mtetezi.

Tacitus, mwandishi Mrumi asiyewapenda Wakristu hata kidogo, ameandika kwamba wengine walivikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wengine wakasulubiwa, wengine wakawashwa kama taa za usiku. Hata wapagani wakaona huruma. Kwa mapokeo ya Kanisa, Mtume Petro naye alisulubiwa Roma wakati wa dhuluma ya Nero.

Ikapita miaka 1900. Tarehe 18 Oktoba 1964, katika kanisa lililojengwa juu ya kaburi la Petro, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, Sista Anuarite aliuawa huko Isiro, katika Kongo yetu, akimsamehe muuaji wake.

Na sisi wa Mashamba tujihoji. Kusingizia hakukufa pamoja na Nero. Mwaka 1993, hapa Kolwezi, majirani wengi walifukuzwa kwa sababu tu asili yao ni Kasai, wakangoja gari-moshi stesheni pamoja na watoto wao. Wengi walikuwa waumini wenzetu. Basi msiba ukitufikia tena, tusimtafute mgeni wa kumtwika lawama. Tuutafute ukweli, na aliye mnyonge tusimame karibu naye.