Sebule inang'aa, jikoni giza

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukigusa kila siku jua linapozama, lakini wachache sana hukifikiria. Nacho ni taa za nyumbani.

Tazameni jinsi tunavyojenga. Fundi umeme akifika, mwenye nyumba humpeleka kwanza sebuleni. Hapo hakuna ubahili. Inatakiwa taa ya kuning'inia yenye balbu 12, vitaa vya kuzama kwenye dari la jipsamu, na pengine utepe wa taa za rangi nyuma ya televisheni. Fedha zikikaribia kwisha ndipo fundi anauliza, "Na jikoni je, mzee?" Jibu huwa lilelile: weka balbu moja katikati, inatosha. Chumba cha watoto, moja. Koridoni, moja. Ngazini, tutaona baadaye.

Matokeo yake ni nini? Mgeni anayetutembelea mara moja kwa mwezi anakaa katika mwanga wa arusi, na sisi wenyewe tunapapasa. Anayekata nyama kwa kisu kikali, mtoto anayefanya hesabu, na bibi anayekwenda msalani saa nane za usiku, wote hao wanaishi kwa mabaki ya mwanga. Mimi nasema tumeweka mambo kichwa chini miguu juu. Taa inunuliwe kwa ajili ya kazi ya macho, kisha urembo ufuate.

Ili tuchague vizuri, kwanza tuelewe tunachonunua. Wengi wetu tumezoea kuuliza dukani, "Nipe ya wati ngapi?" Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na kwenye boksi huandikwa kwa herufi lm. Ile balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutoa lumeni 700 hivi, na sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa lumeni 800. Kwa hiyo anayechagua kwa wati peke yake ni kama anayechagua dereva kwa kuangalia anakula sahani ngapi.

Kipimo cha pili ni rangi ya mwanga, nacho huandikwa kwa herufi K. K 2700 ni mwanga wa manjano, ule unaokaribia wa kandili. K 4000 ni mweupe wa wastani. K 6500 ni mweupe wa kubluu, kama wa mchana. Rangi hiyo hailingani na nguvu. Watu wengi huona taa ya kubluu wakadhani ndiyo kali zaidi, kumbe lumeni ni zilezile.

Labda utauliza bluu hiyo inatoka wapi. Balbu nyingi nyeupe za LED ndani yake hutoa mwanga wa bluu, ambao hupitishwa kwenye unga wa rangi ya manjano, na mchanganyiko wake jicho huuona kuwa mweupe. Kupatikana kwa mwanga huo wa bluu kulichukua miaka mingi, na mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, na tuanze pale palipodharauliwa, jikoni. Meza ya kukatia kwa kawaida iko ukutani, na balbu iko katikati ya dari. Anayepika anaipa balbu mgongo. Kivuli chake mwenyewe kinaangukia juu ya kisu, juu ya vidole na juu ya sufuria inayochemka. Ukiongeza ukubwa wa balbu ile, kivuli hakiondoki. Dawa yake ni kuweka taa ya pili ukutani, mbele ya anayefanya kazi, juu ya meza au chini ya kabati. Taa fupi ya wati 5 mahali hapo inafaa kuliko ya wati 20 darini.

Tena jikoni ndiko tunakochagua mchele tusije tukatafuna mawe, na ndiko tunakotazama kama mashavu ya samaki bado ni mekundu. Kwa hiyo tafuta balbu ambayo boksi lake limeandikwa CRI au Ra 80 au zaidi. Namba hiyo inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli. Ikiwa chini mno, nyama nzuri na nyama iliyolala zitafanana. Na wanaopikia mkaa wakumbuke kuipangusa balbu mara kwa mara, ikiwa imezimwa na kupoa, maana masizi hula mwanga kimya kimya.

Jambo la pili ni mtoto na daftari lake. Fizikia inatufundisha kwamba taa ikienda mbali mara mbili, mwanga unaofika mezani unabaki robo. Balbu iliyo mita 2 juu ya meza ukiileta mpaka nusu mita, daftari litapata mwanga mara 16. Ndiyo maana taa ndogo ya mezani inashinda balbu kubwa ya darini. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, taa yake ikae kushoto; wa shoto, ikae kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari. Wataalamu wa macho wanatueleza kwamba kusoma kwenye mwanga hafifu hakumpofushi mtu, lakini macho huchoka na kichwa huuma. Na mtoto aliyechoka macho hasemi nimechoka macho. Husema, "Baba, nimemaliza," na hajamaliza.

Jambo la tatu ni korido, ngazi na njia ya msalani. Hapa nawaomba wenye nyumba na wapangaji wanisikilize vizuri. Katika nyumba zetu za Kiswahili, zenye vyumba sita na korido katikati, taa ya korido haina mwenyewe. Kila mpangaji anaona inamlia umeme wake. Mwisho balbu inang'olewa, na watu wanapita kwa kushika ukuta.

Hebu tupige hesabu. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 12 kila usiku kwa siku 30, inakula uniti 1.8. Gawanya kwa vyumba sita, kila mmoja anadaiwa uniti 0.3 kwa mwezi. Huo ndio umeme tunaonuniana kwa ajili yake! Upande wa pili wa mizani yuko mzee wetu. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea ndani yake takriban theluthi moja ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20. Mahali ambapo wewe unaona panatosha, yeye anaona giza. Akiteleza na kuvunjika nyonga, gharama ya hospitali itanunua umeme wa korido ile kwa miaka na miaka. Katika ngazi, taa iwe na swichi juu na chini, na imulike ukingo wa kila kidato.

Chumba cha kulala kinataka kinyume chake. Mwanga mkali wa kubluu saa za usiku huuchelewesha mwili kutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa kwa usingizi. Huko weka mwanga wa manjano, K 2700, na swichi unayoifikia ukiwa kitandani. Balbu za waya zinazochemka, na mshumaa wakati umeme umekatika, viwe mbali na chandarua.

Nje ya nyumba, taa ya ulinzi ielekee chini. Taa inayompiga usoni anayekuja humficha mwizi aliyesimama nyuma yake. Rangi ya manjano pia huita wadudu wachache kuliko nyeupe ya kubluu, jambo ambalo mtalishukuru msimu wa kumbikumbi. Taa za nje na za bafuni ziwe za aina isiyoingiza maji, na zifungwe na fundi anayejua kazi.

Najua kuna atakayesema, "Bwana, hayo ni ya matajiri." Sikubaliani naye. Balbu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula uniti 1.35. Fedha ya taa ya jikoni na ya mezani imo humo humo katika tofauti hiyo. Na ukuta ukipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, wakati ukuta wa rangi nzito huumeza. Ndoo ya rangi nayo ni taa.

Basi usiku wa leo fanyeni jaribio dogo. Chukua gazeti, ukae pale mwanao anaposomea. Kisha simama pale chakula kinapokatwa. Kisha zima taa ya chumbani uende msalani kwa mwendo wa mzee, bila ya tochi ya simu. Pale utakaposhindwa kusoma, au utakaponyoosha mkono kutafuta ukuta, ndipo taa yako ya kwanza iende mwisho wa mwezi. Sebule itasubiri. Mgeni akifika hatahesabu balbu, ataangalia kama wenyeji wake ni wazima.