Kauri Zisizo na Risasi (2): Namna ya Kuziongezea Nguvu

Juma lililopita tulieleza kwamba kauri za pizo hutoa umeme zikibanwa, na zikipewa umeme hutetemeka. Mjamzito wa Nkungu, wilayani Rusizi, akipigwa ultrasaundi, kinachotetemeka ndani ya kile kifaa anachopitishiwa tumboni ni kauri ya namna hiyo. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi.

Ubaya wa risasi tumeuona hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watoto na wazazi wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kauri iliyofungiwa ndani ya kifaa haimdhuru mgonjwa. Hatari iko kiwandani, na jalalani kifaa kikishatupwa.

Mbadala ninaouamini zaidi ni niobati ya potasiamu na sodiamu. Ikichomwa hivi hivi ni dhaifu: hutoa takriban pikokulombi 80 za umeme kwa kila nyutoni ya nguvu inayoibana, ilhali kauri nyingi za risasi hupita 300. Mwaka 2004, Yasuyoshi Saito na wenzake huko Japani waliifikisha 416.

Waliwezaje? Kwanza waliongeza lithiamu, tantali na antimoni kidogo, hadi fuwele ikawa mpakani mwa maumbo mawili, mahali ambapo atomi husogezwa na umeme kwa urahisi. Hapo wakafika 300 hivi. Kilichobaki kilitokana na safu. Katika kauri ya kawaida chembe huelekea kila upande, kama waumini kabla imamu hajawaambia wanyooshe safu. Saito alichanganya humo vibamba vyembamba vya fuwele vilivyolazwa upande mmoja. Tanurini chembe nyingine zikakua kwa kuvifuata.

Kazi yenyewe inataka subira. Kaboneti ya potasiamu hunyonya unyevu, na kwenye milima ya mvua kama ya Rusizi, isipokaushwa vizuri vipimo vya mizani vitakuwa vya uongo. Moto ukipita nyuzi 1,100 hivi, potasiamu na sodiamu hugeuka mvuke na mchanganyiko huharibika.

Niobi ya kutengenezea kauri hii imo katika koltani ya Rwanda na Kivu, imo pia Panda Hill, Mbeya. Walimu wa kemia na fizikia wa vyuo vyetu, nawaomba muwape wanafunzi wenu kazi hii. Madini yake wanayaona yakipita kwenye magunia kila siku.

Juma lijalo: kwa nini kauri ikishatoka tanurini hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto na kupitishiwa umeme mkali.