Je, Wajua? Kusoma mara mbili si kukumbuka mara mbili

Mwaka 1971, vyuo vikuu vya Kongo vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (UNAZA), saikolojia ilipelekwa Kisangani. Kijana wa Masisi au Walikale aliyeitamani alilazimika kuelekea huko.

Siku hizi, popote anaposomea, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia hukesha akirudia silabasi usiku wa kuamkia mtihani. Sayansi anayoisomea inampinga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi makala fupi. Wengine waliisoma tena. Wengine waliandika walichokumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Ajabu ni kwamba, katika jaribio lao jingine, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi!

Kwa hiyo kazi ya kila wiki iwe hivi: funga daftari, eleza somo la Jumatatu kwa maneno yako, kisha fungua uone ulichosahau. Rudia baada ya siku chache. Umeme ukikatika, endelea. Kujielezea somo kwa sauti hakuhitaji taa.