Mwanafunzi na Barabara: Tuvuke Vipi Dar es Salaam?



Wengi wenu mnakuja chuoni kwa miguu, juzuu kwapani, na mnarudi Magharibi inapokaribia. Hapa Dar es Salaam jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na huo ndio wakati kila dereva ana haraka ya kufika kwake.

Kwetu magari hupita kushoto. Kwa hiyo ukisimama ukingoni, gari la kwanza kukufikia litatoka kulia. Ndiyo maana tunasema: tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Bodaboda, hata hivyo, hazifuati hesabu hiyo. Kariakoo utaikuta inakuja kinyume katika njia ya upande mmoja, kwa hiyo tazama kote.

Barabara ya Morogoro ina jambo lake. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katikati, katika njia zao wenyewe. Anayevuka hukutana na magari ya kawaida kutoka kulia, kisha basi la mwendokasi kutoka kulia, kisha basi jingine kutoka kushoto, na mwisho magari ya kawaida kutoka kushoto. Wengi huona foleni imesimama, wakadhani barabara nzima imesimama. Mwendokasi halimo katika foleni ile! Vuka penye zebra au taa, na tazama upya kila unapoingia njia nyingine.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya daladala. Mtoto anashuka, anapita mbele ya basi lililosimama ili avuke. Dereva anayelipita basi lile hamwoni mtoto, wala mtoto hamwoni yeye. Siku moja nilimvuta mwanafunzi kwa ukosi wa kanzu, pikipiki ikapita pale pale alipotaka kuweka mguu. Hakusema neno mpaka tulipofika kwao. Ukishuka, subiri basi liondoke, ndipo uvuke.

Msiseme, "Dereva ataniona, atafunga breki." Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Hiyo sekunde hupotea kabla mguu wake haujakanyaga breki, na baada ya hapo gari bado huserereka. Hata kwenye zebra, ambako sheria inamtaka asimame, ngoja uone magurudumu yametulia.

Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ili magari ya upande wako yaje mbele ya macho yako. Kanzu nyeupe huonekana gizani. Buibui jeusi halionekani. Mabinti wabebe tochi ndogo au mfuko mweupe. Simu ikae mfukoni.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondosha udhia njiani ni katika imani. Basi ganda la ndizi au jiwe lililo kwenye njia ya miguu liondosheni, maana ndilo linalomsukuma mpita njia kuingia barabarani.

Wanaowasindikiza wadogo: mkubwa akae upande wa magari, na amshike mtoto kifundo cha mkono, si vidole. Vidole huchopoka.